Mdhulumiwa Ashtaki kwa Nani?

Mtu atokaye Keko Machungwa, wilayani Temeke, Dar es Salaam, kwa miguu, akazipita karakana za maseremala ambamo vitanda na makabati hupigwa randa na msasa tangu asubuhi hata magharibi, kisha akaingia Chang'ombe, atakuwa amefika penye kiwanja ambacho shauri lake ni kubwa kuliko eneo lake. Ardhi hiyo ilikuwa katika amana ya Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ambayo wazee wa mji huitaja kwa herufi zake tu, EAMWS, jumuiya iliyoasisiwa Mombasa mwaka 1945 kwa auni ya Aga Khan, nayo ilikusudia hapo pasimame chuo kikuu cha Kiislamu, kiwatoe vijana wa pwani katika unyonge wa elimu walioachiwa na ukoloni. Chuo kikuu hicho hakikusimama. Mwezi wa Desemba 1968 serikali iliipiga jumuiya marufuku, na katika mwezi huohuo likazaliwa Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, yaani BAKWATA, ambalo tangu hapo ndilo linalotambuliwa na dola kuwa msemaji wa Waislamu wa Bara, na ambalo mikononi mwake ziliingia mali za jumuiya iliyofutwa, pawe na ridhaa ya waliozichangia au pasiwe.

Asiyeijua tarikhi hii hawezi kufahamu kwa nini, zaidi ya miaka 40 baadaye, habari kwamba sehemu ya kiwanja imetoka katika milki ya BAKWATA na kwenda kwa kampuni ya binafsi, kwa kubadilishana na ardhi nyingine kubwa zaidi nje ya mji, iliamsha ghadhabu katika misikiti mingi ya Temeke na Kinondoni. Waliokabidhi kiwanja walisema kwamba Waislamu wamepata ardhi pana kuliko waliyoitoa, na hoja hiyo ina uzito wake katika hesabu za kibiashara. Walakini waliolalamika hawakuwa wakipiga hesabu za ekari. Wao waliihesabu ardhi ile kuwa wakfu, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya walio wengi katika pwani yetu, wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hautolewi hiba. Istibdali, yaani kuubadilisha wakfu kwa mali nyingine, wameiruhusu wanavyuoni wa Kihanafi kwa masharti mazito, na mojawapo ya masharti hayo ni idhini ya kadhi. Ilhali Tanzania Bara haina kadhi mwenye nguvu za kisheria tangu mwaka 1963, mahakama za kadhi zilipoondolewa katika muundo wa mahakama za nchi. Basi suala lilikuwa limekwisha kukosa mwamuzi kabla halijapata mlalamikaji.

Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba 2012 kundi la waumini, akiwamo Sheikh Ponda Issa Ponda, liliingia katika kiwanja hicho na kuanza kujenga msikiti. Siku hiyohiyo, huko Mbagala, ugomvi wa watoto juu ya nakala ya Kurani uligeuka kuwa fitina ya watu wazima, na makanisa kadhaa yakashambuliwa. Jambo hilo halikuwa na uhusiano na kiwanja, wala halina udhuru mbele ya Mungu au mbele ya sheria, lakini liliyachanganya mashauri mawili katika fikra za watu hata aliyekuwa na hoja ya amana akaonekana sawa na aliyebeba kiberiti. Baada ya siku chache Sheikh Ponda alikamatwa. Akashtakiwa pamoja na wenzake 49 katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu kwa makosa ya kuingia kwa jinai, kula njama na wizi wa vifaa vya ujenzi vya thamani ya zaidi ya shilingi milioni 59. Mkurugenzi wa Mashtaka akaweka hati ya kumzuilia dhamana, naye akakaa mahabusu miezi mingi. Hukumu ilipotolewa tarehe 9 Mei 2013, wale 49 waliachiwa huru, na yeye alitiwa hatiani kwa kosa moja tu, la kuingia, akapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja.

Kesi nzima, kwa hiyo, ilijibu kama kuna mtu aliyeruka ukuta. Kama ukuta ule ulijengwa kwa haki, hakuna mahakama iliyoulizwa kwa namna ambayo ingetoa jibu la kuwatuliza waumini, na hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame pamoja nami, kwa sababu naamini kwamba uchungu wa wananchi wengi wenye kushika dini na mila katika mitaa yetu unatoka mahali hapohapo.

Watu ninaowakusudia si wanamapinduzi. Ni maimamu na wazee wa misikiti, ni wazee wa kanisa, ni akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, katika parokia, ni mafundi na wachuuzi ambao wakimwita mwenyekiti wa mtaa wanamwita kwa heshima na wakitakiwa mchango wanatoa. Wanataka serikali itimize ahadi iliyotoa, isiingie katika mambo ambayo dini na mila zimekwisha kuyatengenezea njia zake, na iwaulize kabla ya kuamua juu ya vitu walivyovirithi. Mtu wa namna hii amelelewa kutii, na maadamu amelelewa kutii hana mazoea ya kudai; huvumilia mwaka baada ya mwaka, akisema subira ni ibada, hata siku moja uvumilivu ukamwishia kwa ghafla, naye huishia kutenda jambo ambalo yeye mwenyewe, akikaa akatafakari, halikubali. Wale wanaomwita mkorofi siku hiyo aghalabu hawakumsikiliza katika miaka iliyotangulia.

Njia ambazo yuko huru kuzipita si chache, na baadhi zimewahi kuzaa matunda Temeke hapahapa. Mwezi wa Oktoba 1996, katika uchaguzi mdogo, wapiga kura wa Temeke walimpeleka bungeni Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi, Mkatoliki mwenyeji wa Kilimanjaro aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, wakamwacha mgombea wa chama kinachotawala, CCM. Na huyo mtu wa mbali, akijua nani waliomchagua na wanataka nini, mwaka 1998 ndiye aliyelifikisha bungeni, kwa hoja binafsi, suala la Mahakama ya Kadhi. Hoja haikushinda. Lakini suala lililokuwa likizungumzwa barazani baada ya sala ya alasiri liliingia katika kumbukumbu za Bunge, na baada ya miaka 7 likaingia katika ilani ya CCM ya uchaguzi wa 2005, likiahidiwa ufumbuzi. Serikali ilikuja kurudi nyuma mwaka 2009. Mwaka 2012 kadhi mkuu aliteuliwa chini ya BAKWATA bila nguvu za dola. Na mwaka 2015 muswada ambao ungezitambua hukumu za kadhi uliondolewa bungeni, maaskofu nao wakiwa wamesimama imara kuupinga kwa hoja kwamba dola isiyo na dini haipasi kuendesha mahakama ya dini. Sitaki kumhukumu yeyote kati ya pande mbili hizo katika suala lenyewe. Ninachosema ni kwamba kura ya Temeke iliyopigwa kwa makusudi mwaka 1996 iliitia nchi nzima katika mjadala wa miaka 19, na wote waliojadili walirudi nyumbani salama.

Mwezi Februari wa mwaka huohuo wa 1998, katika msikiti wa Mwembechai, Magomeni, wilayani Kinondoni, ilionekana jinsi njia nyingine, ile ya fujo, inavyokwisha. Ijumaa ya tarehe 13 polisi walifyatua risasi katika fujo zilizozuka hapo, watu wakafa, na kitabu ambacho Dkt. Hamza Njozi alikiandika juu ya mauaji hayo kikapigwa marufuku na serikali. Waliokuwa vijana wakati ule wamekwisha kuwa wazee, na bado ukitaja Mwembechai mbele yao nyuso hubadilika. Damu ikimwagika shauri huacha kuwa la hoja. Huwa kisasi kinachorithiwa.

Ipo pia njia ya kugoma, na hapa lazima nitoe rai yangu bila kuuma maneno. Kabla ya sensa ya tarehe 26 Agosti 2012 baadhi ya masheikh waliwataka waumini wasihesabiwe mpaka serikali iweke swali la dini, ambalo halijawahi kuulizwa tena tangu sensa ya 1967. Dai lenyewe lilikuwa halali, kwa kuwa takwimu za idadi ya waumini zilikuwa zikitajwa kiholela na watu wa kila upande; lakini silaha iliyochaguliwa ilimjeruhi aliyeishika, maana zahanati, madarasa na mgao wa fedha hufuata hesabu ya vichwa, na asiyehesabiwa Mbagala au Keko hakumpunguzia waziri chochote. Sensa ilihesabu watu 44,928,923. Waliogoma hawakuonekana kama wagomaji mahali popote katika idadi hiyo. Wengine walifikishwa mahakamani. Mgomo una maana pale ambapo kile unachonyima kinahitajiwa na yule unayemgomea zaidi ya unavyokihitaji wewe.

Barabara, yaani njia ya maandamano, nayo ina kanuni yake, ambayo wengi wa wanaoisema hawaijui. Zamani aliyetaka kufanya mkutano wa hadhara au maandamano alipaswa kuomba kibali kwa Mkuu wa Wilaya, naye angeweza kumnyima bila kueleza sababu. Aliyeivunja kanuni hiyo alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila, mhubiri mwenye ulimi mkali, mwenye fikra za kihafidhina juu ya taifa na dini, ambaye mengi aliyoyasema juu ya wenzetu wa asili ya Kiasia siwezi kuyaunga mkono hata kidogo, ila ambaye katika jambo hili taifa lina deni kwake. Mwaka 1993 alikwenda Mahakama Kuu Dodoma, na tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba sharti la kibali linapingana na Katiba. Sheria ikabadilishwa: sasa mwandaaji hutoa taarifa kwa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla, na polisi wakizuia, yuko huru kukata rufaa kwa Waziri. Katika hukumu hiyohiyo jaji aliruhusu mgombea binafsi, lakini kabla mwaka haujaisha Bunge likaifanyia Katiba mabadiliko ya kumzuia. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa Mtikila haki mwaka 2013, naye akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015 bila kuiona haki hiyo ikitekelezwa.

Haki ya taarifa ya saa 48, iliyopatikana kwa tabu hivyo, iliwekwa kando kwa kauli tu: kuanzia mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio likaondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023. Mwezi Januari 2024 chama cha upinzani cha CHADEMA kiliandamana jijini Dar es Salaam chini ya ulinzi wa polisi, pasipo jiwe kurushwa, na wengi tulidhani kwamba nchi imejifunza. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, maandamano yalizuka Dar es Salaam na katika miji mingine. Risasi zilitumika, watu walikufa, intaneti ilizimwa, na wakazi wa jiji zima, wakiwamo wale wa Temeke ambao hawakuwa na neno na mtu, walifungiwa majumbani kwa amri ya kutotoka nje usiku. Idadi ya waliokufa, serikali na wapinzani wake hawajaafikiana juu yake. Nasema hivi kwa moyo mzito: siwezi kumshauri mzazi yeyote wa Keko ampeleke mwanawe barabarani, na wakati huohuo siwezi kumwambia kwamba njia nyingine zote ziko wazi.

Hata mimbari, ambayo kwa mshika dini ndiyo kauli ya mwisho yenye heshima, imeonekana kuwa na mpaka. Baraza la Maaskofu Katoliki lilipotoa tamko tarehe 18 Agosti 2023 la kupinga makubaliano ya bandari baina ya Tanzania na Dubai, ambayo Bunge liliyaridhia Juni 10 mwaka huo, na tamko likasomwa makanisani nchi nzima, serikali ililazimika kusikiliza. Na mikataba na kampuni ya Dubai ya DP World iliyotiwa saini Dodoma Oktoba 22 ilitaja bayana muda wa miaka 30 na gati namba 4 hadi 7, mambo ambayo watu walikuwa wakiyauliza kwa sauti tangu mwanzo. Kwa upande wa pili, kanisa la Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa mbunge wa CCM wa Kawe, lilifutiwa usajili tarehe 2 Juni 2025 baada ya yeye kukemea hadharani utekaji wa watu. Baraza la maaskofu lina nyuma yake Kanisa lenye mizizi ya zaidi ya karne moja na waumini katika kila wilaya, wala hakuna msajili angethubutu kuligusa. Kanisa la mtu mmoja linasimama kwa karatasi moja, kama ilivyosimama EAMWS, na karatasi hiyo iko katika meza ya serikali.

Hapo ndipo mambo yote niliyoyataja yanapokutana. Zuio la mkutano, usajili wa jumuiya, utambulisho wa nani ni msemaji wa Waislamu, hati ya kuzuia dhamana: kila mara ufunguo wa mlango wa mlalamikaji uko mfukoni mwa yule anayelalamikiwa. Na mlango uliokuwa na matumaini makubwa kuliko yote ulibanwa katika miaka ya karibuni, karibu bila watu wa mitaani kujua. Ibara ya 26(2) ya Katiba humpa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi, na Jaji Lugakingira, katika shauri la Mtikila, aliifasiri kwa upana wake: kwamba raia anaweza kushtaki kwa ajili ya maslahi ya umma hata kama yeye binafsi hakuguswa zaidi ya jirani yake. Mwezi Juni 2020, kwa marekebisho ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Bunge liliweka sharti kwamba anayefungua shauri la haki za msingi aape kwa hati ya kiapo jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Kwa tajiri mwenye wakili hilo lilikuwa sharti la kuandika aya moja zaidi. Kwa bibi wa Keko Mwanga anayetaka kusema kwamba wote tumedhulumiwa, ilikuwa ni kuambiwa kwamba dhulma ya wote si ya mtu.

Mimi naona kwamba mlango huo uwe wazi kwa kila raia, na kwamba wananchi wenye kupenda utaratibu walifanye jambo hili kuwa dai lao la kwanza, kabla ya kadhi, kabla ya swali la dini katika sensa, kabla ya madai mengine yote ambayo leo yanawagawa Waislamu na Wakristo. Kwa kuwa mwenye msikiti na mwenye kanisa wanauhitaji mlango uleule, na kila mmoja akiupata hatakuwa amemnyang'anya mwenzake chochote. Mbunge wa Temeke aulizwe atasema nini juu yake, kwa barua, na jibu lake lisomwe katika mkutano wa mtaa, mbele ya watu waliomchagua na wasiomchagua.

Tukirudi kwenye mali za amana, maana kiwanja cha Chang'ombe si cha mwisho na kila msikiti mkongwe na kila uwanja wa kanisa mjini una mtu anayeumezea mate, ipo njia ambayo haijafungwa kabisa. Yeyote anaruhusiwa kufanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati kwa kutaja namba ya kiwanja na kulipa ada, akajua hati iko kwa jina la nani na kama kuna rehani juu yake, na ni bora kuyajua hayo kabla ya tingatinga kufika. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966 inawaruhusu watu wawili au zaidi wenye maslahi katika amana ya dini au ya hisani kuwashtaki wadhamini waliovunja amana, wakiitaka mahakama iwaondoe au iwadai hesabu, ila kwanza wapate ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sharti hilo nalo ni ufunguo ulio katika mfuko usio wa mlalamikaji. Lakini barua ya kuomba ridhaa ikiandikwa vizuri, ikaambatanishwa upekuzi wa hati, ikapelekwa kwa mkono na nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa, Mwanasheria Mkuu atapaswa kukubali au kukataa. Na akikataa, uamuzi wake unaweza kupelekwa Mahakama Kuu kwa mapitio, ambayo maombi ya ruhusa yake hufunguliwa ndani ya miezi 6 tangu siku ya uamuzi.